Bafu la Waya Mmoja

Mke wangu alianza kuoga gizani wiki ya tatu tangu nimwekee taa nne mpya kwenye dari ya bafu. Naanzia hapo kwa sababu mimi si mtu wa kuzunguka. Wasomi huanza na hali ya hewa. Mimi naanza na kosa, halafu tunatoka nalo pamoja.

Kwanza ujue anayekuambia ni nani. Nilizaliwa Kansay, nikasoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nusu yake nililisomea dirishani nikiwa na mbuzi. Nikaja Karatu mjini kuosha magari ya watalii. Siku moja gari likagoma kuwasha taa, fundi amekwenda msibani, nikaingia chini na tochi na kipande cha waya nilichookota. Liliwaka. Tangu siku hiyo mpaka mvi hizi mimi ni fundi umeme wa magari. Magari yanayoshuka kreta, magari yanayokwenda Wasso na kurudi yamelegea kila kitu mpaka dereva, yote yamepita mikononi mwangu. Nyumba nimeijenga kwa waya. Watoto watano nimewasomesha kwa waya, wakasoma mpaka wakafika mahali pa kunisahihisha mimi.

Bafu lilikuwa ahadi. Nilipomwoa huyu mama tulikuwa na banda la mabati la kuogea nyuma ya nyumba, halina paa, mlango wake gunia. Na Karatu ya mwezi wa saba si ya mchezo. Ukungu unateremka kutoka msituni unaingia bandani, unaoga nao kama mko wawili. Nikamwambia, "Nitakujengea bafu la ndani. Maji ya moto, na mwanga kama mchana."

Akasema, "Haya."

Mwanamke wa kwetu akisema haya, hajakubali wala hajakataa. Ameandika.

Miaka ikapita. Mara paa, mara ada za shule, mara ng'ombe anaumwa. Magoti yake yakaanza kumsumbua. Kila asubuhi namwona anavuka uwanja na ndoo ya maji ya moto, mkono mmoja umeshika ukuta, hatua moja, anapumzika, hatua ya pili. Hakulalamika hata siku moja. Afadhali angelalamika, ningepata la kumjibu.

Basi nikajenga. Nikaweka vigae chini na ukutani. Nje nikasimamisha pipa la kuchemshia maji kwa kuni, kama yale ya kwenye loji, na bomba la chuma linapita juu ya dari linashuka kwenye bomba la mvua. Dari nikaweka ya jipsamu, ile nyeupe inayoshikiliwa na chaneli za chuma kwa ndani. Na kwenye hiyo dari nikatoboa matundu manne ya duara, kwa sababu nilikuwa nimeona loji moja nilikoitwa kutengeneza gari taa ndogo zimezama darini kama macho ya paka. Nikasema na mama naye atakuwa na macho ya paka.

Mwanangu mkubwa akapiga simu kutoka Arusha. "Baba, tafuta fundi wa umeme wa nyumba."

"Fundi yupi? Mimi ni nani?"

"Baba, gari na nyumba si kitu kimoja."

"Vyote vina milango," nikamwambia, nikakata simu.

Sasa sikiliza nilivyofanya, maana hapa ndipo pana kazi. Kwenye gari, taa haihitaji waya mbili. Waya mmoja unatoka kwenye betri unaleta moto mpaka kwenye taa. Moto ukishafanya kazi unarudi kwenye betri kwa kupitia bodi ya gari, kile chuma chenyewe. Chuma ndiyo njia ya kurudi. Ndivyo yalivyo magari yote uliyowahi kupanda. Mimi nimefunga hivyo miaka arobaini na hakuna gari lililonilalamikia.

Nikapanda darini, nikaziona zile chaneli za chuma zimetanda juu ya bafu zima. Nikasema, hii hapa bodi. Nikapeleka waya wa moto kwenye kila taa. Mguu wa pili wa kila taa nikaufunga kwenye chaneli kwa skrubu. Halafu mahali pamoja tu, pembeni, nikachukua ule waya wa kurudi, ambao mafundi wa nyumba wanauita nyutro, nikausokota kwenye chaneli, nikazungusha tepu. Kazi safi. Waya uliobaki nikaupeleka gereji. Bomba la maji lilikuwa linaning'inia, nikalifunga kwenye chaneli hizo hizo kwa waya wa kufungia nondo, lisicheze.

Nikawasha. Taa zote nne zikawaka pa! Nikamwita mama. Akavua ndala mlangoni, akaingia taratibu, akaangalia juu.

"Zinaniangalia," akasema.

"Si ndiyo uzuri wake?"

"Haya."

Wiki mbili alioga kama malkia. Mvuke ukawa unatoka chini ya mlango, na mimi nakaa ukumbini naunusa kama mtu anayenusa nyama choma. Wiki ya tatu taa zikaanza kupepesa. Asubuhi moja nikasikia "Uwi!" na kopo likaanguka.

"Nini?"

"Linauma!"

"Nini linauma?"

"Bomba!"

"Ni baridi hiyo mama."

"Baridi haijawahi kunipiga mpaka kwenye kiwiko."

Nikaingia, nikalishika bomba kwa mkono wangu huu. Kimya. Nikalishika tena kwa viganja viwili. Hakuna kitu. Nikamwambia ni mishipa, ni uzee, apunguze chumvi. Sasa zingatia hili, maana mimi sikulizingatia: nilikuwa nimevaa mabuti ya mpira. Nayavaa tangu alfajiri kwa sababu ya tope la Karatu na sivui mpaka jioni. Yeye alikuwa peku, juu ya vigae vilivyolowa.

Kesho yake akagundua mwenyewe kwamba taa zikizimwa bomba haliumi. Basi akawa anazima taa, anafunga mlango, anaoga gizani, maana dirisha niliweka dogo la kupitisha paka. Nikamuuliza, "Sasa taa nimekuwekea za nini?"

"Za wageni," akasema.

Siku ya tatu ya giza akateleza, akajigonga goti, lile baya. Hakuvunjika, Mungu ni mwema. Lakini asubuhi iliyofuata nilitoka nje nikaona mvuke unapanda juu ya banda la mabati. Amerudi. Ndoo mkononi, mkono mwingine ukutani, hatua moja, anapumzika. Miaka arobaini ya ahadi imekaa ndani imepigwa vigae, na aliyeahidiwa yuko nje na ukungu wake.

Nikamfuata nikamwambia kupitia gunia, "Mama, rudi ndani."

"Siku bomba litakapoacha kuuma na taa zinawaka, nitarudi. Kabla ya hapo nizike na ndoo yangu."

Hayo ndiyo yalikuwa masharti. Ningeweza kusema basi, nitafute fundi. Lakini mimi ni mtu wa kutafutwa, sitafuti.

Alhamisi ikafika zamu ya jumuiya yetu ya kanisa kusali kwetu. Kina mama kumi na wawili, sala fupi, chai ndefu. Na kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimetangaza bafu lile kanisani, sokoni na kwa kinyozi, walitaka kuliona. Mke wangu akawaambia, "Nendeni mkaone, ila vueni viatu, vigae vipya." Akabaki jikoni akimimina chai. Sijui kama alifanya makusudi. Nimemuuliza, akasema haya.

Wakaingia peku, wamebanana, mimi nimesimama mlangoni na mabuti yangu nawaeleza. Nikawasha taa. "Oooh!" wakasema. Mmoja akashika bomba. "Uwi!" Akaruka, akamshika mwenzake. "Uwi!" Huyo naye akamshika wa tatu. Zikasikika uwi tano mfululizo kama wanapokezana wimbo. Wote wakatoka mbio isipokuwa mmoja, bibi wa nyumba ya nne kutoka kwetu, mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi.

Yeye alibaki anaangalia mkono wake.

"Ngoja kwanza," akasema. Akashika tena. "Uwi! Jamani. Kidole kimefunguka."

"Bibi, toka humo," wenzake wakamwita.

"Tokeni nyie mlio wazima. Kidole hiki hakijanyooka tangu mume wangu afe." Akakinyoosha mbele yetu. Kweli kilinyooka, nusu.

Huku kwetu watu hawachelewi kupanga foleni wakisikia dawa, na sitasema zaidi ya hapo. Ijumaa alirudi na dada yake mwenye kiuno. Jumamosi saa tatu asubuhi ukumbini kwangu walikuwa wazee watatu wamekaa kwenye viti vya plastiki, viatu wameviacha mlangoni, fimbo zimeegemea ukuta. Na mimi, nitasema ukweli, nilianza kujisikia. Nilikuwa nasimama kwenye swichi nawauliza, "Mguu au mkono?" Nawasha kidogo, nazima. Mbwa wa jirani tayari alishaacha kukojolea pipa langu la maji tangu siku alipoinua mguu akaondoka analia mpaka barabara kuu, nikahesabu hiyo nayo kuwa faida.

Mke wangu akapita na ndoo yake kwenda bandani. Akatuangalia wote.

"Umenijengea bafu," akasema, "umeligeuza zahanati. Mimi mgonjwa wa kwanza ndiye sina kitanda."

Wazee wakaangalia chini. Mimi nikaangalia mabuti.

Hapo ndipo mlango uligongwa, akaingia katibu wa jumuiya. Huyu ni mama wa miaka kama arobaini, watoto wanne, na kazi yake ni kufunga umeme kwenye majengo. Alhamisi hakuwepo, alikuwa loji moja huko juu karibu na geti la hifadhi anafunga taa. Habari za kidole cha bibi zilimkuta sokoni. Namfahamu tangu mdogo na ananiita aako, kwa Kiiraqw ni babu, ila siku ile lilitoka kama jina la mshitakiwa.

"Shikamoo aako."

"Marahaba."

"Hawa wazee wanangoja nini?"

"Wanangoja bomba."

Hakucheka. Akatoa tesita mfukoni, ile bisibisi ndogo yenye taa ndani ya mpini, akaingia bafuni na viatu vyake vya kazi, akaigusisha kwenye bomba. Taa ya tesita ikawaka nyekundu. Akatoka haraka, akaenda moja kwa moja kwenye meni swichi, akaikata. Redio ya jikoni ikazima katikati ya matangazo ya vifo.

"Wazee wangu, inukeni."

"Mimi sijapata zamu yangu," akasema mmoja wao, mzee mwenye koti refu.

"Zamu unayoingoja hapa ni ya kaburi. Inuka, baba. Vaa viatu uende nyumbani."

Wakaenda. Yule wa koti alikuwa analalamika mpaka getini kwamba amechelewa kuzaliwa na amechelewa kutibiwa.

Yule mama akapanda ngazi, akavuta taa moja kutoka kwenye tundu lake, akamulika ndani kwa tochi. Akaizungusha tochi huku na huku. Mimi nikadhani anastaajabia usafi wa kazi.

"Aako, nyutro iko wapi?"

"Iko bodi."

"Bodi ya nini?"

"Ya dari."

Akashuka ngazi mbili, akaniangalia. "Umefunga nyumba kama gari?"

"Na inawaka."

"Hata nyasi kavu zinawaka. Aako, gari ni volti kumi na mbili. Hata ukilamba waya hufi. Hapa ni mia mbili na thelathini." Akanionyesha ule msokoto wangu na tepu. Mvuke wa wiki tatu ulikuwa umeingia, chuma kimeota kutu, waya umelegea. "Moto unafika kwenye taa, unapita, unatafuta njia ya kurudi. Njia umeilegeza. Basi moto umekaa kwenye chuma chote hiki, na bomba la maji umelifunga kwenye chuma hicho hicho. Mama akishika bomba, miguu imelowa, njia ya kurudi ni yeye."

Njia ya kurudi ni yeye. Nilisikia maneno hayo kama nimepigwa na hilo bomba lenyewe, na mabuti nimevaa.

"Mbona mimi haliniumi?"

"Vua hayo mabuti niwashe tukuone."

Sikuvua.

Lakini kiburi hakifi kwa pigo moja. Nikasema gari linakwenda mpaka Samunge kwenye mawe matupu na waya mmoja na linarudi. Nikasema nimefunga umeme kabla yeye hajaota meno. Nikasema maneno mengine ambayo si ya kuandika. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, nywele zimelowa, ndoo tupu mkononi.

"Akifunga yeye," akasema, "nitaoga humu. Usipotaka, endelea kutibu watu. Mimi banda langu linanitosha mpaka siku ya kunizika."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningeshindana naye.

Nikasema, "Nitafunga mimi. Yeye asimame chini aseme, mimi juu nifanye."

Yule mama akafikiri. "Sawa. Lakini ukikosea natema moto kuliko hilo bomba."

"Tema."

Tulianza Jumatatu. Nimeshawafundisha vijana wengi umeme wa magari, na najua fundi mbaya anavyojulikana: anauliza maswali machache. Siku ile nilikuwa fundi mbaya. Nikapanda ngazi na koleo.

"Umezima?" akauliza chini.

"Nimezima."

"Wapi?"

"Hapa, swichi ya ukutani."

"Shuka."

Nikashuka. Akanipeleka kwenye meni swichi, nikaikata mwenyewe. Nikapanda.

"Umepima?"

"Nimezima mama, si umeniona?"

"Sijauliza umezima. Nimeuliza umepima."

Nikashuka tena kuchukua tesita. Magoti yangu nayo si ya jana. Kwanza akaniambia nirudishe umeme, niipime hiyo tesita kwenye moto, nijue ni nzima, ndipo nikate tena, kwa sababu tesita iliyokufa nayo inasema hakuna moto. Hilo sikuwahi kulifikiria. Siku hizi nalitumia hata kwa watu.

Tatizo likawa nani atalinda meni swichi. Kwangu kila jirani ana haki ya kuchaji simu, ndiyo desturi, na mtu akikuta hakuna umeme anawasha mwenyewe bila kuuliza, anadhani ni msaada. Mke wangu akasema, "Nitalinda mimi." Akaweka kigoda chini ya meni, akakaa na mwiko wa ugali mapajani. Haikupita nusu saa akaja yule mzee wa koti, na chaja mkononi safari hii.

"Naomba nichaji kidogo, mama."

"Hakuna umeme."

"Si umezimwa tu hapo juu? Ngoja nikuwashie."

Mimi niko darini, waya wa moto katikati ya vidole. Nikasikia kofi la mwiko kwenye nyama, na mzee akalia.

"Mama!"

"Huko juu yuko mume wangu. Umri wote huu sijapata mwingine."

Akaondoka. Mimi huko darini nikajifanya natafuta skrubu.

Tulifanya siku tatu. Zile skrubu zangu zote za kwenye chaneli nikazitoa moja moja. Kila taa ikapata waya zake kamili: wa moto, wa kurudi, na ule wa kijani na njano wanaouita ethi. Viungo vyote vikaingia kwenye viboksi vyenye kifuniko, hakuna tepu. Chaneli na bomba la maji vikafungwa kwenye waya wa ethi unaotoka mpaka nje, kwenye fimbo ya shaba tuliyoigongelea ardhini mpaka ikazama, ili umeme ukipotea njia uende udongoni, usimtafute mtu. Kwenye meni akaweka breka ya aina nyingine, inayojikata yenyewe umeme ukivuja hata kidogo. Swichi ya taa, niliyokuwa nimeiweka karibu na bomba ili mama asihangaike, ikahamia nje ya mlango. "Mkono wenye maji usifike kwenye swichi," akasema.

Taa zangu za macho ya paka alizikataa mbili. "Hizi mvuke unaingia. Juu ya bomba la mvua tunaweka zilizozibwa kwa mpira na kioo. Na hizo mbili zilizozibwa zitakuwa za volti kumi na mbili."

Nikaacha koleo. "Za ngapi?"

"Kumi na mbili. Transfoma yake ya kuupunguza umeme tunaiweka huku ukumbini, mbali na maji."

"Kumi na mbili! Si nilisema? Si ndiyo ya gari hiyo?"

"Ulisema gari, aako. Akili hukuitaja."

Mke wangu alicheka kwenye kigoda mpaka mwiko ukaanguka. Lakini mimi niliandika moyoni kwamba nilikuwa karibu. Mpaka leo nasema nilikuwa karibu.

Jumatano mchana kazi ikaisha. Yule mama akapita na tesita yake kila mahali: bomba, chaneli, mlango, pipa la nje. Kimya. Akabonyeza kitufe cha kujaribia kwenye breka mpya, ikaruka tak, nyumba ikazima. Akairudisha. Taa zikawaka zote nne bila kupepesa.

"Mama, tayari," akamwambia mke wangu. "Karibu bafuni kwako."

Mke wangu akatazama kitufe, akatazama dari.

"Mimi siamini kitufe. Aanze yeye."

"Mimi?"

"Wewe. Bila mabuti."

Nikavua. Miguu yangu ilikuwa myeupe kama ya mgeni. Nikaingia na taulo, nikafunga mlango. Wao wawili wakasimama nje, nasikia wanavyopumua.

"Upo?" mke wangu akaita.

"Nipo."

"Umefungua maji?"

"Nafungua."

Nitakuambia jambo ambalo sikuwaambia. Mkono wangu haukutaka kwenda. Mimi niliyelala chini ya magari kwenye mvua, betri inachuruzika asidi usoni, nilisimama uchi kwenye vigae nikiangalia bomba la chuma kama mtu anayemwangalia nyoka. Nikakumbuka uwi zake zile. Alikuwa akilishika kila asubuhi, na mimi ukumbini nanusa mvuke.

"Umeshika?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Napaka sabuni."

"Unapaka sabuni na maji hujafungua? Shika!"

Nikashika. Lilikuwa la moto kidogo, la maji tu. Nikashika kwa mikono miwili.

"Limesemaje?"

"Halisemi kitu!"

"Shika tena."

"Nimeshika!"

"Imba tujue upo."

Nikaimba. Sauti yangu si ya kwaya, na mle ndani vigae vinairudisha mara mbili. Nje nikawasikia wanacheka kama wasichana mtoni. Nikaoga mpaka masikio, nikatoka nimejifunga taulo, natoa mvuke kama kiazi.

"Zamu yako," nikamwambia.

Akaingia. Akawasha taa yeye mwenyewe kwa swichi ya nje, akavua ndala, akafunga mlango. Katibu akakusanya vyombo vyake na kuaga, alikuwa na kazi nyingine. Nikabaki peke yangu ukumbini na miguu yangu mitupu.

Nikasikia maji yanafunguka.

"Upo?" nikaita.

Maji tu.

"Mama, upo?"

Nikasogea mlangoni, mkono kwenye kitasa. Nikawaza kila kiungo nilichofunga kwa mikono hii, kimoja kimoja, cha kwanza mpaka cha mwisho, kama nilikaza.

"Mama!"

"Nipo," akasema taratibu, kutoka mbali, kama mtu aliyeamshwa. "Niache nioge."

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Alioga muda mrefu kuliko misa. Mwanga ulikuwa unatoka chini ya mlango pamoja na mvuke. Mara moja nilimsikia anajisemesha kwa Kiiraqw, na sikutega sikio.

Mwishowe akatoka, kanga kifuani, uso unang'aa, anatembea bila kushika ukuta. Akapita mbele yangu.

"Je?" nikamuuliza.

"Je nini?"

"Bafu."

"Maji ya moto yamekwisha," akasema. "Kaongeze kuni, sijamaliza miguu."

Nikaenda kuongeza kuni, peku hivyo hivyo.